Zamu ya Bi Alfhild

Saa moja kasorobo, Gothenburg bado giza,
tramu ya kwanza imepita ikikwaruza barafu ya reli.
Nimevua glovu moja tu. Kwa mkono huo mmoja
naangamiza mtaa mzima.

Futa majedwali. Unda majedwali.
Kwanza jengo, kisha ngazi, kisha mlango,
kisha mpangaji, kisha zamu yake ya kufua nguo;
maana mpangaji asiye na mlango hifadhidata humkataa,
humtemea ujumbe mwekundu: wewe ni wa nani?
Mtoto hazaliwi kabla ya mzazi.
Nilijifunza hilo mwezi wa kwanza kazini, kwa aibu,
nilipompa mtu zamu ya Jumanne
katika jengo lisilojengwa.

Wahenga walinena, maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakuwa na skripti hii.
Kufumba na kufumbua, wapangaji arobaini na wawili
wanaamka kwa pamoja, hawajazeeka hata siku,
hawakumbuki kuwa jana tuliwapandishia kodi,
tukawafukuza, tukawarudisha,
tukawabandika majina ya herufi mia tatu
kuona kama kuta zitapasuka.
Hakuna anayenuna.
Ndipo majaribio yanapoingia, mia sita na kumi na moja,
yakiwa na viatu vyenye matope.

Mwezi Novemba jaribio moja lilitutesa.
Likiendeshwa peke yake, kijani.
Likiendeshwa na wenzake, jekundu.
Torgny aliilaumu saa ya seva.
Mimi nilimlaumu Torgny.
Siku ya tatu ndipo tukagundua
kwamba jaribio lililotangulia halikufagia:
lilimwacha Bi Alfhild Ekroos ndani ya chumba cha kufulia,
Jumapili, saa moja asubuhi, kajifungia kwa ndani,
na kila aliyekuja nyuma yake alikuta nafasi imeliwa.
Nikaihamisha skripti. Si mara moja tu alfajiri,
bali kabla ya kila jaribio.
Deki kabla ya kila mgeni.

Hapo ndipo nilipoyaona, mstari wa mia na nane,
juu ya jina la bibi huyo,
maneno mawili ya Sixten aliyestaafu:
*Asiondolewe huyu.*

Nilimpigia simu. Yuko Borås, anafuga nyuki.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Alikuwa jirani yangu, ngazi ya B.
Miaka kumi na tisa alinipora Jumapili yangu.
Aliacha manyoya ya sweta kwenye kikaushio,
kisha akabandika karatasi mlangoni
ati mimi ndiye mchafu.
Nikamwandika humo ili kila asubuhi nimfute.
Raha iliyoje, Hillevi! Kitufe kimoja!"

Kikapita kimya. Nikasikia birika lake likianza kuvuma.

"Kisha akafa, mwezi Machi. Zamu ikawa wazi.
Nikashuka na kapu langu, Jumapili, saa moja,
mashine zote tatu zangu peke yangu.
Nikalikalia kapu.
Sikufua.
Kesho yake nikaongeza maneno yale."

Nikamwambia ukweli: siku hizi tunamfuta
zaidi ya mara mia sita kwa siku.

"Na kumrudisha?"

Mara hizo hizo.

"Basi sawa," akasema. "Lakini zamu yake msiisogeze."

Sijaisogeza.
Nje kumeanza kupambazuka, rangi ya maji ya sabuni.
Torgny anaingia na theluji mabegani,
anauliza kabla ya salamu: kijani?

Bado. Lipo moja limesimama mlangoni, linangoja.
Kuna mtu chumba cha kufulia.